Arifa za Tili Yako Zinaenda kwa Nani? Muulize Msaidizi Kabla ya Kumlaumu Kijana wa Duka

Tuanze na duka moja la mfano, pale Lokiriama. Mwenye duka ni mama anayeuza unga, sukari, majani ya chai, sabuni na tumbaku. Kila baada ya siku chache hupanda gari kupitia Lorugum hadi Lodwar kuongeza mzigo, na dukani humwacha kijana. Wateja wengi siku hizi hulipa kwa tili, na malipo yakiingia mama hupata meseji kwenye simu yake. Kwa hiyo hata akiwa Lodwar anajua duka linaendaje. Angalau hivyo ndivyo anavyoamini.

Siku moja anarudi jioni na kufungua daftari. Kijana ameandika malipo tisa ya tili, jumla Sh6,150. Simu ya mama ina meseji tatu tu: Sh1,200, Sh1,700 na Sh1,500. Hiyo ni Sh4,400. Sasa Sh1,750 ziko wapi? Kijana anaapa kwamba kila aliyebeba kitu alilipa kwanza. Mama anakumbuka jinsi marafiki wa kijana wanavyoshinda pale kibarazani. Kufikia kesho asubuhi kijana anaweza kuwa hana kazi, na jamaa zake wote wawe wameshasikia sababu.

Kabla mambo hayajafika huko, kuna swali moja la kuuliza: je, meseji ikikosekana, pesa nayo imekosekana?

Jibu ni hapana. Pesa ina njia yake na meseji ina njia yake. Meseji hufuata mipangilio iliyowekwa kwenye akaunti, na mipangilio hiyo mara nyingi iliwekwa zamani, na mtu mwingine, siku ambayo kila mtu alikuwa na haraka. Siku hizi unaweza kumwambia msaidizi wetu wa akili unde akusomee mipangilio hiyo, kwa Kiswahili cha kawaida, bila kusafiri hadi ofisini. Katika makala haya tunaeleza jinsi ya kuuliza, jinsi ya kusoma jibu, na pale ambapo hupaswi kuliamini jibu upesi.

Tukio, arifa na mipangilio

Maneno matatu kwanza, ili tuelewane.

Tukio ni jambo lolote linalofanyika kwenye akaunti yako: malipo kuingia, pesa kutolewa, malipo kurudishwa kwa mteja, PIN kukosewa, au akaunti kufunguliwa kwenye simu mpya. Mfumo huyaandika yote, utake usitake.

Arifa ni taarifa inayotumwa kwa mtu kuhusu tukio. Inaweza kuwa SMS, ujumbe ndani ya programu ya simu, au taarifa inayokwenda moja kwa moja kwenye kompyuta ya duka.

Mipangilio ya ufuatiliaji ndiyo inayoamua ni tukio lipi litazaa arifa, kwa nani, na kwa njia gani. Fikiria mlinzi wa usiku. Anaona kila anayepita, lakini anakuamsha kwa yale tu uliyomwambia akuamshe. Ukimwambia "niamshe gari likija", atakuacha ulale mtu wa miguu akipita. Huwezi kumlaumu asubuhi. Labda yule aliyempa maagizo siku ya kwanza hakuwa wewe.

Tangu M-Pesa ianze Kenya mwezi Machi 2007, sisi sote tumezoea kuichukulia meseji kama risiti. Kwa akaunti ya mtu binafsi hilo halileti shida kubwa. Kwa tili ya duka ambayo ina mwenyewe, ina mfanyakazi, na pengine ina nambari iliyoteuliwa kupokea taarifa, mambo ni tofauti. Hapo ndipo mkanganyiko unapoingia.

Mambo saba ya kujua kuhusu arifa zako

Ukiomba kusomewa mipangilio, hakikisha umepata haya saba. Msaidizi akiruka moja, muulize tena.

1. Matukio yanayofuatiliwa. Ni malipo kuingia tu, au pia pesa kutolewa na malipo kurudishwa? Wenye maduka wengi huuliza la kwanza na kusahau mengine mawili, na hayo ndiyo yanayoumiza.

2. Kiwango cha chini. Kuna maduka yaliyoomba arifa za malipo makubwa pekee ili simu isilie siku nzima. Kiwango kikiwa Sh1,000, malipo ya Sh950 yataingia kimya kimya.

3. Wanaopokea. Ni nambari ngapi, na ni za nani? Kwa usalama utaonyeshwa tarakimu tatu za mwisho tu. Zinatosha kuitambua laini yako na ya ndugu yako.

4. Njia. SMS hufika hata kwenye mulika mwizi. Ujumbe wa ndani ya programu unahitaji simu ya kisasa na data.

5. Saa za ukimya. Baadhi ya akaunti zimewekewa muda wa usiku ambapo arifa hazitumwi, au hukusanywa na kutumwa asubuhi kwa pamoja.

6. Hali na historia. Arifa imewashwa au imesitishwa? Ilibadilishwa lini mara ya mwisho, na kwa idhini ya nani?

7. Arifa ikishindwa kufika. Mfumo hujaribu tena? Mara ngapi? Baada ya hapo taarifa hiyo unaipata wapi?

Jinsi ya kuuliza

Huhitaji maneno ya kitaalamu. Fuata hatua hizi.

Kwanza, tumia laini iliyosajiliwa kama ya mwenye akaunti. Msaidizi hatamsomea mtu mwingine mipangilio yako, hata kama ni mume, mke au mtoto wako. Tunajua hili huudhi watu, lakini lipo kwa ajili yako.

Pili, fungua mazungumzo ndani ya programu yetu, au tuma SMS kwa nambari ya huduma iliyochapishwa kwenye kibandiko cha tili yako. Usitumie nambari uliyotumiwa na mtu kwenye kundi la WhatsApp.

Tatu, uliza kuhusu akaunti yako, siyo kuhusu arifa kwa jumla. Linganisha maswali haya mawili:

"Arifa zinafanyaje kazi?"

"Nisomee mipangilio yote ya arifa za tili yangu kama ilivyo sasa hivi."

Swali la kwanza litakupa maelezo ya kawaida, kama unayosoma hapa. La pili linamtuma msaidizi aende kwenye rekodi yako.

Nne, taja tili kama unazo zaidi ya moja. Mtu mwenye duka Lokiriama na kibanda cha nyama Lodwar asiposema ni ipi, anaweza kusomewa isiyo yake ya leo.

Tano, malizia na ombi hili: "Nionyeshe na rekodi yenyewe." Tutaeleza sababu hapa chini.

Jibu la mama, mstari kwa mstari

Turudi dukani. Mama anatuma swali lake na kupata jibu la namna hii:

"Nimesoma mipangilio ya tili yako leo saa 1:42 usiku. Arifa ya malipo kuingia: imewashwa. Kiwango cha chini: Sh1,000. Njia: SMS. Wapokeaji: 2. Nambari inayoishia 306 na nambari inayoishia 418. Arifa ya pesa kutolewa: imezimwa. Arifa ya malipo kurudishwa: imezimwa. Saa za ukimya: hakuna. Arifa isipofika: hujaribiwa tena mara 3. Mabadiliko ya mwisho: siku tili ilipofunguliwa."

Hebu tusome pole pole.

Kiwango cha chini ni Sh1,000. Kumbe! Malipo sita yaliyobaki kwenye daftari la kijana ni Sh200, Sh350, Sh150, Sh400, Sh250 na Sh400. Hakuna hata moja linalofika elfu. Ukiyajumlisha unapata Sh1,750, zile zile zinazotafutwa.

Je, hiyo inamaanisha kijana hana kosa? Bado. Mipangilio imeeleza kwa nini meseji hazikuja. Haijathibitisha kwamba pesa iliingia. Hatua inayofuata ni kuomba taarifa ya malipo ya siku hiyo na kuilinganisha na daftari, mstari kwa mstari, kwa saa na kiasi. Mama anafanya hivyo, na malipo yote tisa yapo. Hapo sasa kijana amesafishwa kwa ushahidi, na mama hana haja ya kubaki na shaka moyoni.

Lakini jibu lina jambo lingine ambalo mama hakulitafuta. Wapokeaji ni wawili. Inayoishia 306 ni laini yake. Inayoishia 418 ni ya nani? Anafikiria, halafu anakumbuka: ni ya mfanyakazi wa zamani, aliyemsaidia kufungua tili kabla ya kuhamia Kakuma. Muda wote huo, kila malipo makubwa ya duka yamekuwa yakimfikia mtu asiyehusika tena. Huenda mtu huyo ni mwaminifu na huzifuta tu. Huenda pia alishaacha laini ile. Laini isiyotumika kwa muda mrefu inaweza kufungwa na nambari yake kupewa mteja mwingine, mgeni kabisa. Mtu anayejua siku gani duka lako linaingiza pesa nyingi ana habari ambayo hungeitangaza sokoni.

Na la tatu: arifa za pesa kutolewa na malipo kurudishwa zimezimwa. Mama angeweza kuibiwa kwa njia hizo mbili na simu yake isilie hata mara moja.

Swali moja fupi limeibua mambo matatu, na ni moja tu kati ya hayo lililokuwa likimsumbua.

Msemaji na karani

Sasa tueleze kwa nini tunasema uombe rekodi yenyewe.

Msaidizi wa akili unde ana sehemu mbili. Ya kwanza ni msemaji. Huyu anaelewa swali lako, hata ukichanganya Kiswahili na maneno mengine, na anajua kupanga jibu zuri. Lakini msemaji peke yake hajui lolote kuhusu tili yako. Ya pili ni zana tuliyompa, ambayo tunaweza kuiita karani. Kazi ya karani ni moja: kwenda kwenye kabati la mipangilio, kutoa faili la tili iliyotajwa, na kulileta. Halafu msemaji analisoma na kukueleza.

Wengi wetu tunakumbuka mzee asiyejua kusoma akipokea barua kutoka kwa mtoto aliye Nairobi, akamwita mwanafunzi amsomee. Mwanafunzi mzuri anasoma kilichoandikwa. Mwanafunzi mwenye haraka anaruka mstari. Na yule anayeogopa kusema "hapa sielewi mwandiko" anajaza maneno yake mwenyewe. Mzee mwerevu husema: soma tena pale kwenye pesa.

Msaidizi wa AI naye anaweza kuruka mstari. Anaweza pia, karani asiporudi na faili kwa sababu mfumo una hitilafu, kushawishika kujaza pengo kwa maneno yanayosikika sawa. Tumemwagiza aseme wazi "sijaweza kupata mipangilio yako sasa, jaribu baadaye". Hata hivyo hatutaki uegemee ahadi yetu pekee. Angalia dalili hizi mwenyewe.

Jibu lililosomwa kutoka kwenye akaunti yako lina saa ya kusomwa, lina hali ya kila tukio, na lina tarakimu za mwisho za nambari unazozijua. Jibu la kukisia hutumia maneno kama "kwa kawaida", "mara nyingi" na "huenda". Ukiuliza kuhusu tili yako ukajibiwa "kwa kawaida arifa hutumwa kwa mwenye akaunti", ujue hajafungua faili. Mwambie: "Sikuulizi kwa kawaida. Soma yangu." Na ukishaona rekodi yenyewe chini ya maelezo, linganisha. Vikitofautiana, rekodi ndiyo ya kufuata, na tungependa utujulishe.

Duka lenye kompyuta

Wenye maduka ya jumla pale Kakuma wana jambo lao. Kakuma imezoea malipo ya simu kwa muda mrefu: kambi ilianzishwa 1992, na mwaka 2015 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilianza kutuma sehemu ya msaada wa chakula kwa wakimbizi kupitia simu, kwa mpango uitwao Bamba Chakula. Baadhi ya wafanyabiashara huko sasa wana kompyuta inayopokea taarifa za malipo yenyewe na kupunguza bidhaa kwenye hesabu ya stoo.

Kwa duka la namna hii arifa haiendi kwa simu ya mtu, inakwenda kwenye anwani ya mtandaoni. Chukua mfano wa Daraja, jukwaa la Safaricom la kuunganisha mifumo ya biashara na M-Pesa. Huko duka husajili anwani mbili. Moja ni ya uthibitisho: malipo yakishakamilika, taarifa hutumwa hapo. Nyingine ni ya uhakiki, kwa wale walioiomba: kabla malipo hayajakamilika, mfumo wa duka huulizwa kwanza kama unayakubali, kwa mfano kama nambari ya akaunti aliyoandika mteja ipo kweli.

Halafu kuna kipengele kidogo ambacho watu wengi hukijaza bila kufikiri: ikiwa anwani ya uhakiki haipatikani, malipo yakamilishwe au yaghairiwe? Kwa duka la Nairobi swali hili halisumbui sana. Kwa duka ambalo intaneti yake hupotea stima ikikatika, ni swali la kila siku. Ukichagua kukamilisha, mteja analipa hata kompyuta yako ikiwa imezima, lakini malipo yale hayakuhakikiwa na mtu, na kazi ya kuyalinganisha itabaki kwako. Ukichagua kughairi, mteja aliyesimama mbele yako na pesa kwenye simu anakataliwa, na ataondoka akidhani tili yako ni mbovu.

Hakuna jibu moja lililo sahihi kwa wote. Muuza vyakula wa rejareja kwa kawaida angetaka malipo yakamilike. Shule inayopokea karo kwa nambari ya mwanafunzi ingependa yaghairiwe kuliko karo iende kwa jina lisilojulikana. Jambo la msingi ni kujua lipi limewekwa kwako. Kwa wateja wetu walioungana nasi kwa kompyuta, muulize msaidizi: "Arifa za malipo zinatumwa kwenye anwani gani, na mfumo wangu usipopatikana kunatokea nini?" Jibu lake mpelekee fundi wako alione.

Mtandao ukipotea

Si kila meseji iliyokosekana ni kosa la mipangilio. Lokiriama iko karibu na mpaka wa Uganda, na wafugaji huvuka na mifugo kuelekea upande wa Moroto wakati wa kiangazi. Simu inaweza kuwa nje ya mtandao, kwenye mtandao wa nchi jirani, au imezimwa tu kwa kukosa jua la kuchajia.

SMS isiyofika huwekwa na mtandao na kutumwa tena simu ikipatikana. Ndiyo maana ukifika Lodwar simu huanza kulia mfululizo, na meseji huja bila mpangilio: ya jana kabla ya ya juzi. Usisome saa iliyofikia. Soma tarehe na saa iliyoandikwa ndani ya meseji, na nambari ya muamala. Hizo hazibadiliki. Na kumbuka SMS haihifadhiwi milele: simu ikikaa nje ya mtandao kwa muda mrefu, meseji inaweza kupotea kabisa, ingawa pesa yenyewe iko salama kwenye akaunti.

Kwa hiyo tunakushauri ufuate utaratibu huu, kila mara, kwa mpangilio huu: salio kwanza, taarifa ya malipo pili, mipangilio ya arifa tatu, na lawama mwisho.

Asichoweza kufanya msaidizi, na asichopaswa kukuuliza

Zana anayotumia msaidizi kusoma mipangilio ni ya kusoma tu. Haiwezi kuongeza nambari, kuondoa nambari wala kuzima arifa. Tumeifanya hivyo makusudi. Mlaghai akishika simu yako kwa dakika tano, asiweze kuzima arifa ya pesa kutolewa kwa sentensi moja na kisha kutoa pesa kimya kimya.

Ukitaka kubadilisha jambo, fungua menyu ya mipangilio na uweke PIN yako mwenyewe, au nenda kwa wakala wetu ukiwa na kitambulisho. Mabadiliko yakifanyika, wapokeaji wote, wa zamani na wapya, hupata SMS ya kuwajulisha.

Msaidizi hatakuuliza PIN. Hatakuuliza nambari ya siri iliyotumwa kwa SMS. Hatakupigia simu kukwambia arifa zako zina tatizo na utume pesa kidogo ili zirekebishwe. Yeyote anayefanya hivyo si sisi, hata akijua jina lako na nambari ya tili. Kata simu.

Jambo moja zaidi. Ukiongeza nambari ya mfanyakazi, mweleze kwanza na akubali. Na akiondoka kazini, iondoe siku hiyo hiyo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inampa kila mtu haki ya kujua habari zake zinatumiwaje na kutaka zirekebishwe zikiwa na makosa. Haki hiyo ni yako kwetu, na ni ya mfanyakazi wako kwako.

Weka siku moja kwa mwaka

Watu wa Lokiriama hawahitaji kufundishwa maana ya kukumbushana makubaliano. Mwaka 1973 Waturkana na Wamatheniko wa upande wa Uganda walifanya amani hapo hapo, wakazika silaha, na hadi leo watu wa pande zote mbili hukusanyika mwezi Septemba kuadhimisha amani ile. Wanajua kwamba neno lililokubaliwa, lisiporudiwa mbele ya mashahidi, husahaulika na waliokuja baadaye.

Mipangilio ya tili ni jambo dogo sana kando ya hilo, lakini nayo husahaulika vivyo hivyo. Tunakushauri uchague siku moja kila mwaka usiyoweza kuisahau, na Septemba ni mwezi mzuri kama mwingine wowote. Siku hiyo muulize msaidizi akusomee mipangilio yote. Kisha fanya jaribio: mwambie mtu akulipe kwa tili kiasi kinachofikia kiwango chako cha chini, na mhesabu pamoja ni simu ngapi zimelia na ni zipi. Jaribio hilo halidanganyi.

Uliza pia bila kungoja mwaka uishe kama umebadilisha laini, umeajiri au umeachana na mfanyakazi, umepoteza simu, au meseji na daftari zimekataa kulingana.

Maswali tunayoulizwa mara nyingi

*Simu yangu ni mulika mwizi. Naweza kuuliza?* Ndiyo, kwa SMS. Jibu linaweza kuja kwa vipande viwili au vitatu, kwa hiyo subiri vyote kabla ya kuamua.

*Nikiweka kiwango cha chini kuwa sifuri, nitapata meseji nyingi mno?* Kwa duka lenye wateja wengi, ndiyo. Njia ya kati ni kupokea arifa za malipo yote kwenye simu ya dukani, na kwenye simu yako kuweka kiwango unachotaka. Ila arifa za pesa kutolewa na malipo kurudishwa ziache bila kiwango chochote.

*Mteja amenionyesha meseji ya malipo lakini yangu haijaja. Nimpe mzigo?* Angalia salio au taarifa ya malipo kwanza. Meseji kwenye simu ya mteja inaweza kuandikwa na mtu yeyote. Na kama mipangilio yako ina kiwango cha chini, ukimya wa simu yako hauthibitishi kwamba mteja anadanganya.

*Msaidizi amesema arifa imewashwa lakini sipati kitu. Sasa?* Hakikisha nambari inayoishia na tarakimu alizotaja ndiyo laini iliyo ndani ya simu yako leo. Kisha fanya jaribio la malipo yanayofikia kiwango chako cha chini. Ikishindikana, tuandikie ukitaja saa ya jaribio na nambari ya muamala, nasi tutafuatilia kuanzia hapo.

Na yule mama wa mfano wetu? Angeshusha kiwango cha chini, angeondoa nambari inayoishia 418, na angewasha arifa mbili zilizokuwa zimezimwa. Halafu angefanya jambo moja ambalo mfumo wetu hauwezi kumfanyia: kumwita kijana, kumwonyesha taarifa ya malipo yote tisa, na kumwambia mbele ya wale waliosikia kwamba daftari lake lilikuwa sawa.